Paa la Nyumba ya Mwanasesere



Huenda baadhi yenu mtastaajabu kuona mwalimu wa Qur'ani, mtu mwenye mvi na wajukuu, ameshika kalamu ili aeleze habari za nyumba ya mwanasesere, na tena si nyumba nzima bali paa lake tu. Hatuwalaumu. Hata sisi wenyewe, kama mtu angalituambia zamani kuwa tutakaa karibu wiki tatu tukihangaika na paa lisilozidi ukubwa wa sinia, tungalimwona kuwa ni mtu asiye na kazi. Lakini jambo lilitokea hapa kwetu Mutuka, katika mji wa Babati, na kila tulipotaka kuliacha lilituandama. Basi tumeona heri tulieleze kama lilivyokuwa, pamoja na aibu yetu iliyomo ndani yake.

Tunaye mjukuu wa kike, umri wake miaka minane, anayekaa nasi kwa kuwa wazazi wake wako Arusha kikazi. Wakati wa mavuno aliokota gunzi la mahindi, akalivika kitambaa, akalifanya mwanasesere. Nywele zake ni ndevu za mahindi, na ushungi wake ni kipande cha kanga ya bibi yake iliyochakaa. Jioni moja ya mwezi wa Oktoba, baada ya sala ya Alasiri, alitujia akasema: "Babu, mtoto wangu hana nyumba, na mvua zinakuja." Tukamwambia, kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza maneno, kwamba tutamjengea. Wallahi hatukujua tumeahidi nini.

Siku ya pili tulikuwa tumeketi uani tukichonga fito, akapita mzee mmoja jirani yetu, mtu wa msikitini na mpenda dini. Akasimama, akatazama, akasema: "Mwalimu, watoto wa madrasa wakikuona na sanamu hiyo utawaambia nini?" Swali lake halikuwa la kebehi, na halikuwa la kujibiwa kwa mkato. Tukamkaribisha mkekani, tukamkumbusha yaliyopokewa na Bukhari na Muslim juu ya Bibi Aisha r.a., kwamba alikuwa na wanasesere wake katika nyumba ya Mtume s.a.w. na alikuwa na rafiki zake wa kucheza nao. Mtume alipoingia, wale wasichana walijificha kwa haya, naye akiwarudisha kwa Bibi Aisha waendelee na mchezo wao. Na katika kitabu cha Abu Daud imo habari nyingine, ambayo kila tunapoisoma twatabasamu: Mtume s.a.w. alirudi kutoka safari ya vita, upepo ukainua pazia, wanasesere wakaonekana, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza farasi gani huyo mwenye mbawa. Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, kwamba walikuwa na mbawa. Mtume akacheka hata meno yake ya ndani yakaonekana.

Maulamaa walio wengi wamechukua habari hizi kuwa ni ruhusa ya wanasesere kwa watoto wa kike, ili wajizoeze mambo ya nyumba na malezi. Na wako waliosema kuwa ruhusa hiyo ilifutwa baadaye. Hatukumficha mzee wetu hitilafu hiyo. Yeye akamshika yule wa gunzi, akamgeuza huku na huku, akaona hana macho wala pua wala mdomo. Akacheka, akasema huyo hata akiitwa mahakamani hatatambulikana. Kisha akavuta kamba ya mkonge na kutusaidia kufunga fito mpaka adhana ya Magharibi.

Ama kipimo, tulikipata kwa njia isiyotarajiwa. Kijana wetu mmoja, aliyekuja kututembelea, alitusomea katika simu yake habari za nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyo katika kasri ya Windsor huko Uingereza. Aliyeichora ni Edwin Lutyens, mchoraji mkubwa wa majumba, na ilimalizika mwaka 1924. Ina maji yapitayo katika mabomba, ina umeme, na kila kitu chake kimepimwa kimoja kwa kumi na viwili, yaani inchi moja badala ya futi moja. Mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakupata maji ya bomba ndani ya nyumba hata siku aliyotutoka. Lakini kipimo kilikuwa kizuri, kwani mwanasesere wetu alikuwa na urefu wa inchi tano na kidogo, na futi tano na kidogo ndiyo kimo cha mwanamke. Tukaichukua hesabu ya Windsor tukaileta Mutuka.

Kuta hazikutupa taabu. Fito za mbaazi hapa kwetu hazina bei, kwa kuwa mashamba mengi ya mahindi yamechanganywa na mbaazi. Tukazisimika juu ya ubao wa inchi 20 kwa inchi 10, tukazisuka, tukakandika udongo. Siku mbili zikatosha.

Kisha likaja paa.

Sisi tulidhani jambo limekwisha. Tulichukua debe la mafuta ya kula, tukalikata kwa mkasi wa bati, tukalikunja katikati, tukalipigia migongo midogo midogo kwa msumari ili lifanane na bati la dukani. Lilipendeza. Tukaliweka juu ya kuta, tukamwita mwenye nyumba. Mtoto aliitazama kwa muda, akaizunguka, kisha akasema kwa adabu: "Babu, hii ni nyumba yetu. Mimi nataka nyumba ya Bibi mkubwa, ile yenye maboga juu."

Tulimwuliza nani aliyemwambia habari za maboga. Akasema ni Bibi wa Bonga, siku ya Idi.

Hapa yatupasa turudi nyuma, na wasomaji watuvumilie.

Bibi wa Bonga ni dada yetu wa tumbo moja, aliyetutangulia kwa miaka minane. Na nyumba yenye maboga juu ni nyumba ya wazazi wetu, iliyokuwa imesimama hapo hapo ilipo nyumba yetu ya sasa. Ilikuwa tembe. Vijana wa leo huenda hawajaliona tembe ila katika picha. Basi wajue kuwa Wagorowa, na Wairaqw, na sisi Warangi tuliotoka upande wa Kondoa, sote tulikaa katika nyumba za namna hiyo, kila watu kwa desturi zao. Ni nyumba ya pembe nne, fupi, na paa lake halina mwinuko wa kuonekana kwa mbali, kwani ni paa la udongo. Juu yake watu walianika mtama, wakaweka maboga, na mbuzi mtundu akipata mahali pa kupandia alipanda akalala huko. Mchana wa jua kali ndani mlikuwa na ubaridi, na usiku wa baridi inayoshuka kutoka mlima Kwaraa ndani mlikuwa na joto. Mvua iliponyesha hukuisikia. Uliijua kwa harufu.

Baba yetu aliijenga mwaka 1975, siku za watu kuhamia vijijini. Alibomoa nyumba yake ya zamani, akazichukua nguzo zake 14 kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa kuwa zilikuwa za mti mgumu usioliwa na mchwa, na mti kama ule hakutumaini kuupata tena. Sisi wakati ule tulikuwa wa miaka saba, na kutwa tulikuwa chuoni tukisoma juzuu Amma. Aliyechota maji na kukanda udongo ni dada. Na kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba, baba alipanda juu ya paa akatia udongo mpya palipoliwa na upepo na maji. Na dada, hata baada ya kuolewa Bonga, alikuja kumkandia udongo.

Baba alifariki mwaka 1994. Sisi tulikuwa tumekwisha kuwa mwalimu, watu wanatuamkia njiani kwa heshima, na madrasa yetu ilikuwa imeezekwa kwa bati la msaada wa waumini. Dada alikuja kiangazi cha 1995 akasema, paa lataka udongo. Tukamwambia tutatazama. Akaja 1996 akasema vile vile. Akaja 1997, akakuta majani yameota juu, naye akapanda mwenyewe na jembe, mwanamke wa miaka 37 mwenye mtoto mgongoni, na sisi tukamteremsha kwa kuona haya mbele za watu. Tukamwambia zama za tembe zimepita. Mara ngapi tulikuwa tumewasomesha watoto kwamba paa la msikiti wa Mtume s.a.w. huko Madina lilikuwa la makuti ya mtende, na kwamba katika usiku mmoja wa kumi la mwisho la Ramadhani mvua ilivuja ndani hata tope likaonekana katika paji la uso wake mtukufu baada ya kusujudu! Tulisomesha hayo kwa machozi, kisha tukarudi nyumbani kulionea haya paa la baba yetu.

Mwaka huo huo, kuanzia Oktoba, ndipo zilipokuja zile mvua za El Niño zilizoharibu barabara na madaraja katika Tanzania na Kenya na kuendelea hata mwaka 1998. Usiku mmoja wa Januari pembe moja ya paa ilianguka, pembe ya kihenge. Mama alikuwa amelala upande wa pili, hakudhurika, Alhamdulillahi. Lakini kihenge kililowa, na mahindi ya mwaka mzima yakaota na kuoza.

Haya yasingalitosha kuwatenga ndugu. Lililotutenga ni lile tulilolifanya katika kiangazi cha 1998. Tulibomoa nyumba yote. Tulihitaji matofali ya kuchoma, na matofali yahitaji kuni, na mchoma matofali alitaka kuni nzito. Tukampa zile nguzo 14. Dada alikuwa ametuma mtu kuomba apewe nguzo moja tu, ile ya mlangoni, aitie katika nyumba yake. Ujumbe ulifika, hatutasema kuwa haukufika. Tuliona ni mambo ya kike. Alipokuja mwenyewe alikuta tanuri linatoa moshi.

Mama alikaa chini ya bati miaka minane, tangu 1999 hata alipofariki mwaka 2007. Hakutulaumu kwa neno lolote. Alisema tu kuwa mchana jua linapika ubongo, na kwamba mvua ikinyesha hasikii uradi wake mwenyewe. Ama dada, alikuja alipougua mama, akaja mazikoni, na huja kila Idi kwa kuwa ni mwanamke anayemcha Mungu na hataki kukata udugu. Lakini hukaa chini ya mwarobaini ulio nje, hunywa chai yake hapo, akaondoka. Ukimkaribisha ndani hujibu kuwa ndani kuna joto. Miaka zaidi ya 25 amekuwa akituambia kuwa ndani kuna joto.

Sasa mnafahamu kwa nini yale maneno ya mtoto juu ya maboga yalituingia kama mwiba.

Tuliazimia kulijenga paa la tembe sisi wenyewe, bila ya kumwuliza mtu. Tulijisemea kuwa tumelala chini ya paa lile miaka mingi, tutashindwaje kuliiga? Kumbe kulala chini ya paa si kulijua. Tukapanga fito juu ya kuta, tukatandaza nyasi, tukachukua udongo wa uani, tukaukoroga kwa maji, tukaupaka unene wa nusu inchi, tukauweka juani ukauke. Kufika jioni ulikuwa umepasuka nyufa huku na huku. Tukaziba nyufa kwa udongo mwingine. Asubuhi zimepasuka nyufa mpya kando ya zile tulizoziba. Siku ya tatu mtoto alitoboa kopo la maziwa kwa msumari, akalijaza maji, akalinyesha juu ya nyumba yake. Maji hayakuvuja tu, yalimwagika. Mwanasesere alitolewa ndani akiwa amelowa mpaka ushungi, na udongo umemshika kichwani.

Hapo tulitambua jambo ambalo pengine mafundi walijua zamani. Nyumba unaweza kuipunguza moja kwa kumi na mbili, na mlango wake, na mwenyeji wake. Mvua haipunguzwi. Tone lile lile liangukalo juu ya msikiti ndilo linaloanguka juu ya kinyumba cha inchi 20, na kwa kinyumba hicho kila tone ni kama kata nzima ya maji iliyotupwa kwa nguvu.

Tulijaribu tena mara mbili. Mara ya mwisho mtoto hakutulaumu, alisema: "Babu, twende tumwulize Bibi wa Bonga." Tukasema kesho. Kesho ikaja, tukasema kuna darasa. Keshokutwa tukasema jua kali. Mke wetu, asiyependa maneno mengi, aliweka chai mbele yetu akasema: "Unamwogopa dada yako kuliko unavyoiogopa aya unayoisomesha." Hatukuinywa chai ile.

Basi Alhamisi moja tulipanda bodaboda, mtoto katikati, nyumba yake magotini mwetu ndani ya kapu, tukaenda Bonga. Tulimkuta dada anapepeta mbaazi. Tulikuwa tumetunga maneno ya kutosha njia nzima, na yote yalituruka. Mtoto ndiye aliyesema: "Bibi, paa la Babu linavuja." Dada aliweka ungo chini. Akaichukua ile nyumba, akaitazama juu, akaitazama chini, akapitisha kidole katika ufa. Akauliza: "Udongo mmetoa wapi?" Tukasema uani. Akacheka kicheko kifupi. Kisha akatugeukia, akasema pole pole: "Mara ya mwisho tuliposema habari za paa, mdogo wangu, ulikuwa umekwisha kuzitoa nguzo."

Tukamwomba msamaha kwa zile nguzo. Tulilitaja jambo kwa jina lake, kwamba ujumbe ulifika na kwamba tuliudharau. Hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema atakuja Jumamosi, na tumwekee udongo wa kichuguu, majivu ya jikoni yaliyochekechwa, na samadi mbichi ya ng'ombe.

Jumamosi alikuja, akaketi chini ya mwarobaini wake, na jambo la kwanza alilolifanya ni kulivunja paa letu lote. Akatuambia kuwa tulianza kwa kosa kabla ya kufika kwenye udongo. Paa la tembe halikai juu ya ukuta. Hukaa juu ya nguzo zenye panda, na juu ya panda hulazwa mihimili. Ukuta kazi yake ni kuzuia upepo na fisi, na hata ukianguka wote paa hubaki limesimama. Udongo ni mzito, na ukilowa huwa mzito zaidi. Ukiutwika ukuta wa fito, ukuta hutikisika na udongo hupasuka. "Nguzo 14," akasema. Mtoto akapewa kazi ya kutafuta vijiti 14 vyenye panda. Alivileta, na dada akavisimika kimoja kimoja, na kila kimoja akikitaja: hiki cha mlangoni, hiki alichotundika baba kibuyu cha maziwa, hiki aliegemea mama akisuka ukili, hiki alikigonga mdogo wangu kwa kichwa akikimbizwa na beberu. Tulikuwa tumeisahau habari ya beberu. Vyote 14 alivijua mahali pake, na sisi tuliokuwa tumezing'oa nguzo kwa mikono yetu wenyewe hatukuweza kukitaja hata kimoja.

Juu ya mihimili akalaza fito, zimebanana hata uzi usipite. Juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi majani mapana, ili vumbi lisidondoke katika chakula. Mgongo wa katikati akauinua kidogo, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, maji yapate njia ya kushuka, na kingo za paa akazitokeza nje ya kuta. Kisha udongo wa kichuguu, uliokandwa na nyasi zilizokatwa vipande na ile samadi.

Hapo pakawa na neno kidogo. Sisi ni wafuasi wa Imamu Shafi, na kwa madhehebu yetu samadi ni najisi, ijapokuwa wenzetu wa Imamu Malik huihesabu ya mnyama aliwaye kuwa ni tohara. Tulisita kutia mkono. Dada akatutazama. "Mwalimu, mama aliswali ndani ya samadi hiyo zaidi ya miaka 20." Tukamwambia aliswali juu ya mkeka safi, na sala juu ya mkeka safi inasihi. "Basi maji ya kunawa yale pale," akasema, na hatukuwa na hoja nyingine.

Udongo wa kwanza aliupaka mwembamba, akaufunika kwa kitambaa chenye unyevu, akauweka kivulini siku nzima, akisema jua ndilo linalopasua paa jipya, si mvua. Jumapili alirudi akapaka wa pili. Jumatatu akaleta ujanja wenyewe, ambao baba hakupata kutueleza kwa kuwa hatukupata kumwuliza: tabaka la juu kabisa halipakwi. Ni udongo mkavu uliochanganywa na majivu, unachekechwa juu ya udongo ambao bado una unyevu kidogo, kisha unagongwa pole pole mpaka ushikane. Yeye aliugonga kwa mgongo wa mwiko.

Wakati wa kugonga tulimsimulia Hadithi ya Abdullahi bin Amr r.a., kwamba Mtume s.a.w. alimpitia hali yeye na mama yake wanakandika ukuta wao kwa udongo, akamwuliza wafanya nini, akajibu wanatengeneza kidogo. Na Mtume akamwambia kuwa jambo lenyewe, yaani mauti, lina haraka kuliko hilo. Dada aliendelea kugonga. Halafu akasema: "Mimi na mama tuliukandika ukuta ule kila kiangazi. Wewe ulikuwa ukitupitia, hukuuliza." Hakuyasema kwa hasira. Ndiyo kweli tu, na alikuwa ameiweka muda mrefu.

Baadaye akatuachia pembe moja, ile ya kihenge. "Hii tengeneza wewe." Tukaitengeneza kwa kadiri tulivyoona, huku mtoto akitusahihisha.

Kilichobaki ni maboga, na boga la inchi moja haliko duniani. Dada alifungua pindo la kanga akatoa mbegu za maboga kiasi cha konzi, nyeupe, mpya. Yeye na mtoto wakazipanga juu ya paa moja moja, kama mama alivyokuwa akizianika. Ilikuwa saa kumi za jioni, na upande wa ziwa mbingu ilikuwa nyeusi.

Mvua hiyo haikutungoja tujitayarishe. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yakavunja majani ya mwarobaini, na kila mtu akakimbilia nyumbani: mke wetu na nguo za kamba, mtoto na mwanasesere wake, sisi na mkeka. Tulipogeuka ndani tulimwona dada ameketi katika kiti kilicho karibu na mlango, anajifuta uso kwa kanga. Hatukusema kitu. Hata kama tungalisema asingalisikia, kwa jinsi bati lilivyokuwa likinguruma juu yetu. Na tukaelewa mama alikuwa akisema nini juu ya uradi wake. Sote wanne tulikaa tukiitazama ile nyumba ndogo kule nje juu ya kigoda, mvua inaipiga, nayo imesimama.

Mara dada akanyosha kidole, akasema neno. Hatukusikia. Akasema tena, akainuka, akapiga kelele kwa sauti ile aliyotuitia alipokuwa msichana na sisi tuko juu ya mti: "Mbegu! Mbegu zinalowa!"

Mtoto akatoka mbio mvuani na ungo.

Jua lilipotoka tulitia kidole ndani ya nyumba, kila chumba. Palikuwa pakavu kote, isipokuwa pembe ya kihenge.